Simu ndani ya ndege: tunabishania sababu ambayo siyo

SEHEMU YA 1

Wiki hii presha na sukari zinapumzika. Nataka tuongelee simu ndani ya ndege. Najua wapo watakaosema nesi kaishiwa mada, ila twendeni taratibu, mtaona hii habari ni ya wodini kabisa.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua mimi ni nesi wa dharura, na kuna nyakati natumwa kusindikiza mgonjwa anayepelekwa India kwa matibabu. Safari ndefu ile, na ukiwa na mgonjwa hulali. Huangalii filamu. Unaangalia kifua cha mgonjwa kinavyopanda na kushuka, unaangalia namba za oksijeni kwenye kidole, na katikati ya hapo unaangalia watu. Nimewaangalia sana abiria wenzangu.

Tangazo linatolewa. Kwanza Kiingereza cha haraka haraka, halafu Kiswahili cha kusomwa kwenye karatasi: tafadhali zimeni vifaa vyote vya kielektroniki au mviweke katika hali ya ndegeni. Watu wanatikisa kichwa kukubali kama vile wako kanisani kwenye matangazo ya michango. Halafu simu inashuka chini ya paja. Mama wa pembeni anaendelea na WhatsApp ndani ya mtandio. Kijana wa mbele ana hedifoni masikioni tangu tupo kwenye basi la kutupeleka kwenye ndege, hajasikia hata neno moja. Na kuna yule mfanyabiashara, huyu hakosekani kamwe, ndege imeshaanza kujipanga kuruka na yeye bado yumo: "Mwambie aongeze mzigo, mi ndo naondoka hivyo."

Watu wengi wakiliona hili wanasema Waafrika hatupendi sheria. Mimi sikubali. Kwanza Wazungu nao wanafanya hivyo hivyo. Mwaka 2011 mwigizaji Alec Baldwin alishushwa kwenye ndege Los Angeles kwa sababu hakutaka kuacha mchezo wa maneno kwenye simu yake, na ndege ilikuwa bado iko chini. Pili, na hii ndiyo hoja yangu ya wiki nzima: abiria wanapuuza kwa sababu wamepewa sababu wasiyoiamini, na ile sababu ya kweli hakuna aliyekaa chini akawaambia.

SEHEMU YA 2

Sababu ambayo kila mtu anaijua ni hii: ukiwasha simu, ndege itaanguka.

Haya, abiria ameipanda ndege mara ya kwanza, akasahau kuzima. Ndege ikatua salama. Mara ya pili akaacha makusudi, ikatua. Mara ya kumi akapiga picha ya mawingu akaituma ndege ikiwa inashuka, ikatua. Sasa huyo mtu utamwambia nini? Ana ushahidi mara kumi kwamba ulimdanganya.

Nesi yeyote aliyefanya kazi kliniki ya kifua kikuu anamjua huyu mtu. Dozi ni miezi sita. Mwezi wa pili kikohozi kimekwisha, uzito umerudi, jasho la usiku hakuna. Anaacha dawa. Ukimpigia anakuambia "Sista, mimi nimepona, mbona nipo tu." Na kweli yupo tu. Ulimwambia akiacha dawa atakufa, akaacha, na wiki ile hakufa. Kumbe hatari yenyewe ni wadudu waliobaki wanaojifunza kuishinda dawa, na siku ugonjwa ukirudi unarudi sugu, na anamwambukiza mtoto wake ugonjwa huo huo sugu. Lakini hilo hukumwambia. Ulichagua kumtisha kwa kifo kwa sababu kutisha kunachukua dakika moja na kuelezea kunachukua ishirini, na foleni ya nje ni ndefu.

Ndege na sisi tumefanya kosa moja.

Kuhusu mawimbi, ukweli ni kwamba yana athari, ila siyo ile ya kwenye hadithi. Mtu wa umri wangu ataikumbuka redio ya nyumbani. Ukiweka simu juu ya redio, sekunde chache kabla haijaita, redio inaanza: titititi, titititi, trrrr. Ukiisikia tu unajua kuna mtu anapiga. Ile sauti inatoka kwenye mawimbi ya simu yakiingia kwenye nyaya za spika. Sasa chukua redio hiyo ifanye hedifoni za rubani, anayesikiliza mtu wa mnara akimwambia ashuke mpaka urefu gani, ageuke nyuzi ngapi, na mvua inanyesha nje. Titititi ikiingia katikati ya namba, inabidi aulize tena. Ndege haijaanguka. Ila umemwongezea kazi mtu mwenye kazi nyingi tayari, katika dakika ambazo anazo chache.

Wanaokaa kwenye chumba cha upasuaji watanielewa. Hakuna atakayekufa kwa sababu umepiga stori mlangoni wakati daktari wa usingizi anamlaza mgonjwa. Lakini anakuambia nyamaza, na ana haki.

SEHEMU YA 3

Mliouliza jana "mbona ndege nyingine wanaruhusu hadi kupiga simu?", mna haki ya kuuliza, maana ni kweli.

Historia yake fupi ni hii. Marekani ilikataza simu za mkononi angani mwaka 1991, na waliokataza walikuwa mamlaka ya mawasiliano, siyo watu wa ndege. Hofu yao kubwa ilikuwa minara ya chini. Simu ikiwa juu sana inaiona minara mingi kwa mpigo, na mitandao ya wakati ule ingechanganyikiwa. Yaani sheria maarufu kuliko zote ndani ya ndege, chanzo chake kimojawapo kilikuwa kulinda mtandao wa simu! Hilo tangazo halijawahi kukuambia.

Mwezi Machi 2008 Emirates wakaruhusu abiria kupiga simu angani. Wao waliweka kifaa kama kamnara kadogo ndani ya ndege, simu yako inaongea na hicho, haihangaiki kutafuta mnara wa ardhini. Simu isiyopata mnara inaongeza nguvu kuutafuta, ndo maana ukiwa kijijini betri inaisha upesi. Ikiwa na kamnara karibu inaongea kwa nguvu ndogo sana.

Oktoba 2013 mamlaka ya anga ya Marekani ikasema mashirika yakishapima ndege zao yanaweza kuruhusu simu na kompyuta kuanzia mlangoni mpaka mlangoni, mradi ziko hali ya ndegeni. Zamani ilikuwa marufuku chini ya futi 10,000. Mwaka 2014 Ulaya ikaenda mbali zaidi, ikaachia kila shirika lipime na liamue lenyewe kama simu iachwe hewani.

Kwa hiyo ukipanda ndege hii unaambiwa zima kabisa, ukipanda ile unaambiwa hali ya ndegeni, ya tatu inakuuzia intaneti. Abiria akiona hivyo anasema hawa hawajui wanachotaka. Ukweli ni kwamba ndege hazifanani. Nyingine zimepimwa na nyingine ni za zamani. Hata sisi dawa moja tunampa huyu, yule tunamkatalia kwa sababu ya figo zake, na hatusemi dawa imebadilika.

Na wasije watu wa kubisha wakadhani mawimbi ni ngano tupu. Januari 2022 Marekani walipotaka kuwasha minara mipya ya 5G, mashirika kadhaa makubwa, Emirates wakiwemo, yalisitisha baadhi ya safari kwenda huko. Masafa ya minara ile yalikuwa yamekaa jirani na yale yanayotumiwa na kifaa kinachompimia rubani umbali wa kutoka ndege mpaka ardhini. Hiyo ilikuwa minara, siyo simu yako mfukoni. Lakini inaonyesha kwamba watu wa anga hawachezi na jirani mwenye kelele.

Ila nasema wazi: sijui ajali hata moja kubwa ya ndege ya abiria ambayo wachunguzi walihitimisha kuwa simu ya abiria ndiyo iliyoiangusha. Nikikuambia ipo nitakuwa nakufanyia kile kile ninachokilalamikia.

SEHEMU YA 4

Sasa sababu ya kweli. Hapa naomba msome taratibu.

Simu yako, tabuleti yako, kompyuta yako, hedifoni zako zisizo na waya, saa yako na hasa pawabenki yako, vyote vina betri ya lithiamu. Betri hizi zinabeba nguvu nyingi kwenye umbo dogo, ndo maana tunazipenda. Ikiwa imetengenezwa vibaya, imeanguka, imebanwa au imelowa, sehemu mbili za ndani ambazo hazitakiwi kugusana zinagusana. Inapata joto. Joto linazalisha joto lingine. Seli moja ikiwaka inaiwasha ya jirani, hiyo nayo inaiwasha inayofuata, na ndani ya betri kuna vitu vya kuulisha moto vyenyewe. Mtungi wa kuzimia moto unaua miali, unadhani imekwisha, dakika chache inalipuka tena. Dawa yake ni kuipoza, maji mengi au kinywaji chochote kisichowaka, na kuendelea kumwagia. Usiifunike na barafu, wala usiifunge kwa blanketi, maana joto linabaki ndani.

Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliondoka Dubai ikiwa na shehena ya betri za lithiamu. Moto ukazuka kwenye mizigo, moshi ukajaa chumba cha marubani hawakuona hata vifaa vyao. Wote wawili walikufa. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo haziruhusiwi tena kwenye tumbo la ndege za abiria.

Januari 28, 2025, uwanja wa Busan, Korea Kusini. Ndege ya Air Busan imejaa abiria, iko chini, inajiandaa kwenda Hong Kong. Moto ukaanzia kwenye kabati la juu ya viti. Watu 176, wote walitoka, paa la ndege likaungua. Wachunguzi wakasema inaelekea ilikuwa pawabenki. Fikiria dakika hizo hizo zingekuwa saa moja baadaye, juu ya bahari.

Baada ya hapo Korea wakaamuru pawabenki zisikae kwenye kabati la juu, ukae nayo uione. Singapore Airlines kuanzia Aprili 2025 wakakataza kuitumia au kuichaji ndani ya ndege. Emirates, ambao wengi wetu tunapanda nao tukipita Dubai, kuanzia Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu, isiyozidi wati-saa 100, na ni marufuku kuitumia safarini. Marekani walishakataza kabisa simu moja, Samsung Galaxy Note 7, isiingie ndegeni, Oktoba 2016, kwa sababu ilikuwa inawaka yenyewe.

Mnaona kilichotokea? Sheria ya mawimbi inalegezwa mwaka hadi mwaka, na sheria ya betri inakazwa. Hatari ilishahama. Sisi abiria bado tumekaa kwenye ubishi wa mwaka 1991, "simu haiwezi kuangusha ndege, mimi nimesoma", huku pawabenki imevimba iko juu ya kichwa cha mtoto wa mtu.

Niwaambie kama nesi moto wa ndani ya ndege unafanya nini. Watu wanaogopa miali. Sisi wa dharura tunaogopa moshi. Anakuja mtu ngozi yake haina hata malengelenge, anaongea, anatembea. Unamwangalia puani, masizi. Nyusi zimekauka. Sauti yake imekuwa nzito ghafla. Huyo ndiye tunayemkimbilia, kwa sababu koo linavimba ndani, na baada ya muda mfupi hakuna mrija utakaopita. Moshi wa betri hizi una kemikali kali zinazochoma njia ya hewa. Hospitalini kuna daktari wa usingizi, kuna mashine ya kupumulia. Angani kuna begi la huduma ya kwanza, na nesi kama yupo. Na mlango haufunguliwi.

(Kwa kuwa tumeshafika hapo: ukiungua mkono kwa simu au kwa chai, maji safi ya bomba yanayotiririka dakika 20. Siyo dawa ya meno. Siyo yai. Siyo asali. Nimechoka kukwangua dawa ya meno kwenye vidonda vya watoto.)

SEHEMU YA 5

Sababu ya pili ya kweli ni fupi: masikio.

Watu wa anga wanaogopa zaidi dakika za mwanzo na za mwisho, wakati wa kuruka na wakati wa kutua. Huko ndiko ajali nyingi zinakotokea. Ndizo dakika wanazotaka usikie, uone, na uwe umefunga mkanda. Laptopu inakatazwa mapajani wakati huo hata ikiwa imezimwa, na hapo ndipo ungejua kwamba siyo mawimbi. Ndege ikibamiza, laptopu ya kilo mbili inaruka kama tofali. Au inaanguka njiani na kumkwaza anayekimbia. Pazia la dirisha linafunguliwa ili wahudumu waone kama kuna moto upande gani.

Januari 2, 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo. Ndege ya Japan Airlines ilitua, ikagongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani, ikawaka. Ile ndogo watu watano kati ya sita walikufa. Ile kubwa ilikuwa na watu 379. Walitoka wote. Dunia nzima ikashangaa. Wengi waliongelea kwamba abiria waliacha mabegi yao, na kweli waliyaacha. Lakini kuna jambo lingine lililonigusa mimi: spika za matangazo hazikufanya kazi. Wahudumu walitumia vipaza sauti vya mkononi na makoo yao. Kati ya milango minane ni mitatu tu iliyofaa. Kwa hiyo mtu ilimpasa asikie mlango upi, sasa hivi, kwa sauti ya binadamu katikati ya moshi na vilio.

Vae hedifoni zinazozuia kelele za nje uone kama utasikia.

Na wale wanaochukua video? Ndege inawaka, mtu kanyanyua simu. Nimeona hata ajali ya bodaboda, majeruhi yuko chini anavuja damu, watu kumi wamemzunguka na simu kumi, hakuna aliyebana kidonda. Nikisema "kaka bana hapa" anatafuta kwanza pa kuweka simu. Ndege inatakiwa kuthibitishwa kwamba inaweza kumwagika watu wote ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Hesabu hiyo haina nafasi ya mpiga picha.

SEHEMU YA 6

Sasa kisa kimoja, shirika nalihifadhi.

Nilikuwa na mgonjwa wa mapafu, mama wa makamo, anatumia mashine ndogo ya oksijeni ya kusafiria. Hiyo mashine nayo ina betri za lithiamu, na kabla ya safari nilihenyeshwa haswa: cheti cha daktari, idadi ya betri, ziwe za kutosha safari nzima na ziada, na za akiba kila moja kwenye mfuko wake ili vichwa vya chuma visigusane. Nilifuata yote. Upande wa pili wa njia kakaa kijana mmoja, kachomeka simu kwenye pawabenki, kaifunika na blanketi la ndege, kajifunika na yeye, kalala.

Nikamgusa bega. "Mdogo wangu, samahani, hiyo pawabenki itoe ndani ya blanketi."

Akafungua jicho moja. "Dada, ni simu tu inachaji."

"Najua. Itoe uiweke mahali unaiona. Imepata joto?"

Akaishika. Akaitoa haraka. Hakusema ilikuwa na joto, ila aliibadilisha mkono mara mbili. Mhudumu akaja, binti mdogo wa Kitanzania, akamweleza kwa adabu, kwamba safari hiyo hairuhusiwi kuchaji kwa pawabenki. Kijana akakasirika: "Mbona hamkusema?" Jirani yake mzee akadakia: "Walisema, mwanangu, ila walisema vifaa. Nani anajua kifaa ni nini?"

Yule mzee alimaliza kila kitu. Nani anajua kifaa ni nini?

Yule binti ninamwonea huruma mpaka leo kwa sababu namjua, ni mimi wa zamu ya usiku. Kila siku anawaambia watu wazima, wengine sawa na baba yake, wafanye kitu wasichokitaka, kwa sauti laini, bila silaha, na wakigoma lawama ni yake. Tunamwita "wewe binti" wakati kazi aliyoisomea hasa siyo kugawa soda. Kugawa soda ni ya ziada. Amesomea kuwatoa kwenye ndege inayowaka. Vivyo hivyo mnavyosema nesi kazi yake kuchoma sindano.

Ila na wao wana lao. Hospitali zetu zilibandika picha ya simu iliyopigwa mstari mwekundu kwenye milango ya wodi miaka mingi, eti mashine zitaharibika. Wagonjwa wakatii. Halafu wakamwona daktari anapita raundi na simu sikioni, sista naye anamulika mshipa kwa tochi ya simu. Bango likafa siku hiyo. Limebaki ukutani lakini limekufa. Na ndegeni nako, abiria anajua marubani siku hizi wanatumia tabuleti kusomea ramani. Usipomweleza kwamba ile imepimwa na kuidhinishwa, anaona sheria ni ya watu wadogo.

SEHEMU YA 7 (ya mwisho)

Mmeniuliza ningetaka waseme nini. Ningetaka tangazo la Kiswahili cha mtu anayeongea na watu, kitu kama hiki:

"Ndugu abiria, tunaomba simu mziweke hali ya ndegeni ili marubani wasikilizane vizuri na mnara. Vueni hedifoni mpaka tukae sawa angani, kwa sababu likitokea jambo tutawaambia kwa mdomo. Mwenye pawabenki aiweke karibu yake, asiichaji, asiiweke kabatini juu. Simu yako ikipata moto usiogope aibu, tuite. Ikidondokea ndani ya kiti, usisogeze kiti, tuite."

Hapo mwisho pa kiti ni pa muhimu, na watu wengi hawapajui. Simu ikiteleza kwenye upenyo wa kiti na wewe ukabonyeza kiti kirudi ili uitafute, chuma cha kiti kinaibana betri. Inapasuka hapo hapo chini ya makalio yako. Muite mhudumu, simama, yeye anajua inavyotolewa.

Sekunde thelathini tu tangazo lote. Kila sentensi ina sababu yake ndani. Sisemi wakaidi watakwisha, kliniki yangu pia nina wakaidi wa kudumu. Lakini yule mzee wa upande wa pili angeelewa, na angemwambia kijana kabla yangu.

Kuhusu kununua. Pawabenki angalia imeandikwa wati-saa ngapi (Wh). Kama hawajaandika, chukua mAh, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 inakuja 74, iko salama kisheria. Ya 27,000 ndo inagusa 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika, juu ya 160 hairuhusiwi. Sasa ukienda dukani ukakuta kapawabenki kepesi kanaenea kiganjani kameandikwa 50,000, jua mawili. Kama ni kweli, ni wati-saa 185 na huwezi kupanda nako. Kama ni uongo, na mara nyingi ni uongo, basi aliyedanganya nje hujui amedanganya nini ndani. Iliyovimba, iliyodondoka ikapasuka, iliyolowa: iache nyumbani, na hata nyumbani usiichaji kitandani.

Na la mwisho, ambalo naona likiwapata watu wengi. Umefika getini, ndege imejaa, wanakuambia begi lako la mkononi litashuka kwenye mizigo. Unakasirika, unalibwaga, unapanda. Pawabenki imo ndani. Sasa imeenda mahali ambapo hakuna binadamu wa kunusa moshi wala kumwaga maji. Kabla hujalitoa begi, lifungue pale pale, wasubiri wenye haraka zao, toa pawabenki na betri zote za akiba uingie nazo mkononi. Toa na dawa zako pia. Insulini ikiganda huko chini haifai tena, na presha haitasubiri mkanda wa mizigo.

Wiki ijayo tunarudi kwenye presha ya wajawazito. Mlioniandikia sijawasahau.